Nyumba za kupanga kwetu Uvira na Baraka: karatasi, mashahidi na garanti



Kesi nyingi zinazofika kwenye meza yetu si za chakula wala za shule. Ni za nyumba. Bayeri analalamika lokateri wake hajalipa miezi minne. Lokateri analalamika bayeri amekula garanti yake na sasa anataka kumtosha. Ndugu wawili wa tumbo moja hawasalimiane juu ya vyumba viwili baba yao alivyoacha nyuma ya nyumba kubwa. Na wengi wetu tuliorudi kutoka Tanzania na Burundi tulikuta watu tusiowajua wanalala katika nyumba zetu, na mtu mwingine anapokea pesa kila mwisho wa mwezi.

Watu wanasemaka: "Walokateri wa siku hizi ni wabaya." Wengine wanasema: "Mabayeri ndio wezi." Sisi tumefuata historia ya jambo hili, na tunaona kitu kingine. Nyumba ya kupanga kwetu imesimama kwa muda mrefu juu ya neno la mdomo na jirani mwenye kukumbuka. Vita vilipotawanya majirani, neno lilibaki bila mtu wa kulishuhudia. Njo maana tunaandika historia hii: ili kila mmoja aone shida inatoka wapi, na tufanye nini kwa mikono yetu wenyewe.

Kitabu kidogo cha wakoloni

Mbele ya wakoloni, mgeni aliyefika kijijini kando ya ziwa hakulipa pesa ya nyumba. Alipokelewa na mwenyeji, akaonyeshwa mahali pa kujenga, akaheshimu chefu. Pesa ya nyumba ilikuja pamoja na kazi ya mshahara: bandari, barabara, ofisi za Leta na mashamba makubwa.

Mwaka 1931 Wabelgiji walitoa dekreti ya kuanzisha vile walivyoita centres extra-coutumiers, maana yake makao ya Waafrika yaliyo nje ya utawala wa machefu wa asili. Katika makao ya namna hiyo mtu mweusi hakupewa udongo kuwa wake. Alipewa ruhusa ya kukaa kwenye parseli, na ruhusa hiyo iliandikwa katika kitabu kidogo: livret de logeur. Mwaka 1952 ikazaliwa Office des Cités Africaines, iliyojenga nyumba za matofali katika miji mikubwa. Kule Bukavu watu wanajua kazi yake kupitia Bagira.

Tukumbuke neno lenyewe, logeur. Ni mtu anayelaza wengine. Mfanyakazi aliyekuwa na livret alijenga nyumba yake mbele, kisha vyumba viwili ama vitatu nyuma, na vijana waliotoka vijijini kutafuta kazi wakakaa humo kwa kulipa. Hivyo ndivyo zilivyoanza nyumba zile tunaita anexi. Hata leo parseli nyingi za Uvira zina sura ileile: familia ya mwenye nyumba mbele, walokateri nyuma, kiwanja kimoja, choo kimoja, na bomba moja kama liko.

Lakini livret ilisema tu nani amepewa ruhusa ya kukaa. Haikusema nani atairithi nyumba, wala lokateri ana haki gani. Hayo yalibaki katika vichwa vya watu.

Udongo ukawa wa Leta

Baada ya uhuru, uasi wa 1964 ulifika haraka Uvira na Fizi. Wengi walivuka ziwa kwenda Kigoma, wengine wakaenda Burundi. Wazee wetu wanajua kwamba kukimbia hakukuanza 1996. Tayari wakati ule kulikuwa na nyumba zilizoachiwa mjomba, shemeji ama mlinzi.

Kisha sheria zikabadilika. Sheria Bakajika ya 1966 ilirudisha udongo mikononi mwa Leta. Mwaka 1973, tarehe 20 Julai, ikatoka sheria namba 73-021, ambayo ndiyo msingi wa mambo ya udongo na nyumba katika nchi yetu. Inasema udongo ni mali ya Leta. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na raia wa Kongo anaweza kupewa haki isiyo na mwisho wa miaka. Alama ya haki hiyo ni certificat d'enregistrement, inayosainiwa na konservateri.

Hapa watu wengi wanapotea, kwa hiyo tueleze polepole. Karatasi ya chefu wa kartie si sertifika. Fiche parcellaire si sertifika. Karatasi ya kuuziana mbele ya mashahidi nayo si sertifika. Zote ni ngazi za kupandia kuelekea sertifika, na zina maana mbele ya hakimu, lakini hazina nguvu sawa. Sheria ya 1973 iliahidi pia kwamba Rais atatoa ordonansi juu ya udongo wa jamii za asili. Kwa miaka mingi ordonansi ile haikutoka. Hivyo pembeni ya mji, mahali chefu wa asili anagawa na ofisi ya Leta inagawa, parseli moja inaweza kupata wenyewe wawili, kila mmoja na karatasi yake mkononi.

Mwaka uleule, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu akatangaza zairianisation. Biashara na mali nyingi za wageni zikapewa raia. Watu waliona nyumba inaweza kubadilisha mwenyewe kwa neno la mkubwa mmoja. Somo lile lilikuwa baya, na lilirudi wakati wa vita.

Miaka ya 1990 pesa ya zaire ilianguka hata ikawa mtu anabeba mfuko wa noti kwenda soko. Mabayeri wakaanza kuhesabu kwa dola. Walimu na wafanyakazi wa Leta wanalipwa kwa pesa ya nchi, lakini nyumba inahesabiwa kwa dola. Franka ikishuka, pesa ya nyumba inapanda bila bayeri kusema neno. Ugomvi huu bado tuko nao.

Wakati wa kukimbia

Oktoba 1996 vita vya AFDL vilifika Uvira. Agosti 1998 vita vya pili vilianza. Watu wa Uvira na Fizi walikimbilia Burundi na Tanzania, na kule Kigoma wakajazana katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Usiku wa kukimbia hakuna aliyeandika mkataba. Mtu alifunga mlango, akampa jirani ufunguo, akasema: "Unichungie."

Tumesikiliza hadithi nyingi za ufunguo ule, na zinafuata njia tatu.

Njia ya kwanza: mlinzi alikaa mwaminifu. Aliingiza walokateri, akatumia pesa kutengeneza manjanja, na siku mwenye nyumba aliporudi akamwonyesha hesabu. Watu hawa wapo, na hatuwasemi vya kutosha.

Njia ya pili: mlinzi alianza vizuri, kisha miaka ikawa mingi. Akasikia mwenye nyumba amekufa kambini. Watoto wake wakazaliwa na kukomaa ndani ya nyumba. Siku mwenye nyumba aliposhuka na mizigo yake, mlinzi akasema: "Miaka kumi nimelinda, nani atanilipa?"

Njia ya tatu: nyumba iliingiwa na watu wenye nguvu, ama iliuzwa na mtu asiyekuwa na haki. Aliyenunua akauza tena. Wa tatu akapangisha. Lokateri wa leo hajui lolote, yeye analipa tu kila mwezi.

Kurudi, na kesi ya mama mmoja

Oktoba 2005 HCR ilianza kurudisha watu wa Kivu ya Kusini kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Mwaka huohuo wa 2005, Umoja wa Mataifa ulipokea maandishi yanayoitwa Kanuni za Pinheiro, juu ya haki ya mkimbizi kurudishiwa nyumba na mali yake. Wafadhili wetu wanayajua. Kanuni zile zinasema mkimbizi arudishiwe nyumba. Zinasema pia kwamba yule aliyekutwa ndani asitupwe barabarani, kwa sababu mara nyingi naye ni mkimbizi wa vita vingine.

Tutoe mfano, bila majina. Mama mmoja mjane alirudi Uvira na watoto wanne. Mume wake alikuwa amejenga nyumba ya vyumba vitatu na anexi mbili. Ndani alimkuta mwalimu na familia yake, waliokimbia mapigano ya milimani. Mwalimu alikuwa analipa kila mwezi kwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara alikuwa na karatasi ya kununua kutoka kwa yule aliyeachiwa ufunguo. Mama hakuwa na karatasi hata moja, zote ziliungua.

Watu wawili tu walibaki wenye kukumbuka: fundi aliyejenga msingi, na jirani mzee aliyekuwa anachota maji kwenye kiwanja kile. Tulikaa nao, chefu wa avenyu akiwepo, mara sita. Wakati wa mazungumzo tulikubaliana jambo moja ambalo tangu pale tunalitumia: mwalimu aendelee kulipa, lakini pesa isiingie kwa mama wala kwa mfanyabiashara. Iliwekwa pembeni, na kila malipo yaliandikwa katika kaye mbele ya pande zote. Hivyo mwalimu hakuwa na deni, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumfukuza.

Mwisho mama alitambuliwa kuwa mwenye nyumba. Pesa ya pembeni ikawa yake. Mwalimu alipewa miezi sita ya kutafuta pengine, na mama akamwachia anexi moja kwa bei nafuu. Mfanyabiashara je? Aliyemuuzia aliahidi kurudisha pesa, akatoa kidogo, kisha akahama. Huyu naye alipoteza jasho lake, na kwake hatuna cha kujivunia. Tunalitaja kwa sababu amani ya nyumba mara nyingi inaacha mtu mmoja akilia, na kwa kawaida ni yule aliyeamini karatasi bila kuuliza majirani.

Pesa za mashirika

Kurudi kuliambatana na mashirika ya kimataifa. Baraka, mahali pa wavuvi na wafanyabiashara wadogo, ilijaa magari na antena. Nyumba za matofali ya kuchoma zilikuwa chache, na mashirika yalilipa kwa dola, mara nyingi miezi mingi mbele. Wenye bahati walijenga nyumba ya pili na ya tatu kwa pesa ile. Wengine walichukua deni wakiamini shirika litakaa. Mradi ulipoisha, nyumba kubwa zenye ukuta na chumba cha jenereta zilibaki tupu, maana familia ya kawaida haiwezi kuzilipa. Ndugu wafadhili, tunalisema kwa heshima: mkataba wa ofisi yenu unabadilisha bei ya mtaa mzima, siku mnapofika na siku mnapoondoka.

Kuna pia kodi ya Leta juu ya pesa ya nyumba, inayotoka katika ordonansi-sheria ya 1969. Kiwango kilichojulikana kwa miaka mingi ni 22 kwa mia. Lokateri aliye shirika ama kampuni anakata 20 kwa mia na kupeleka kwa Leta, bayeri anamalizia 2. Bayeri mdogo aliyesaini bila kuelewa anashangaa: walipatana dola 300, anapokea 240. Anasema ameibiwa, kumbe ni kodi. Tuulize mbele ya kusaini: hii bei ni kabla ama baada ya kodi?

Garanti imeliwa

Tuje kwenye ugomvi wa kila siku. Garanti ni pesa ya lokateri iliyo mikononi mwa bayeri, ili akiharibu mlango ama akiacha fakture, itumike. Siku ya kutoka, inayobaki inarudishwa. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema kwa nyumba ya kulala garanti isipite miezi mitatu. Hata hivyo bado tunasikia watu wanaombwa sita.

Kwa nini? Kwa sababu kwetu garanti imekuwa benki ya bayeri. Mtu anajenga anexi, pesa inaisha kwenye madirisha. Anatafuta lokateri, anachukua garanti, ananunua manjanja, anamaliza. Si ubaya wa moyo: benki haimkopeshi mtu mwenye karatasi ya chefu wa kartie tu. Lakini siku lokateri anatoka, pesa iko juu ya paa. Bayeri anasema: "Ngoja nipate lokateri mwingine." Garanti ya mgeni inamlipa anayetoka. Chumba kikikaa tupu miezi miwili, mnyororo unakatika.

Walokateri nao wamejifunza. Wakijua garanti haitarudi, wanaacha kulipa miezi mitatu ya mwisho. Wanaita "kumaliza garanti". Wanapotoka, bayeri anakuta fakture ya REGIDESO na ya SNEL, kufuli imevunjika, choo kimejaa, na hana pesa ya kutengenezea. Kila upande unasema mwingine ndiye aliyeanza.

Mafuriko yalionyesha hatari hii wazi. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulijaa na kubomoa nyumba nyingi za Uvira, watu wakafa. Miaka ile maji ya ziwa pia yalipanda na kuingia katika nyumba za kando. Walokateri waliopoteza vitanda na sahani waliomba garanti ili wapange pengine. Mabayeri waliopoteza nyumba walisema: "Nami nimepoteza." Dekreti ya 1888 juu ya mikataba, ambayo hata leo inatumika, inasema nyumba ikiangamia yote bila kosa la mtu, mkataba umekwisha, na hakuna anayemlipa mwenzake hasara. Lakini garanti si hasara ya bayeri. Ni mali ya lokateri. Deni lile linabaki, hata kama litalipwa kidogo kidogo.

Wajane na wanawake wenye nyumba

Wanawake wengi waliorudi ndio vichwa vya familia. Kwa mjane, vyumba viwili vya kupanga ni shule ya watoto na dawa za hospitali. Sheria ya familia ya 1987 inampa mjane haki ya kuendelea kukaa na kutumia nyumba aliyokaa na mume wake. Wakwe wanaokuja kuchukua ufunguo siku ya matanga hawana msaada wa sheria. Sheria ileile ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kwa mambo mengi ya kisheria. Mwaka 2016 sharti hilo liliondolewa. Leo mama aliyeolewa anaweza kusaini mwenyewe mkataba wa nyumba. Machefu wengine wa avenyu bado wanauliza, "Bwana yako yuko wapi?" Tunawakumbusha kwa adabu.

Tunafanya nini sasa

Tumejifunza kutoka historia hii kwamba shahidi anakufa, anahama ama anakimbia. Karatasi nayo inaungua. Kwa hiyo tunaweka vyote viwili, na mahali zaidi ya pamoja.

Kwanza, kila mwanamemba mwenye nyumba ya kupanga aandike mkataba, hata wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili: majina, vyumba, bei na aina ya pesa, garanti, nani analipa maji, moto na choo. Kopi tatu: bayeri, lokateri, na ofisi yetu.

Pili, mbele ya lokateri kuingia, watembee pamoja chumba kwa chumba na kuandika hali ya milango, kufuli, madirisha na paa. Siku ya kutoka wasome karatasi ileile.

Tatu, kila malipo yapewe risiti. Kaye yenye saini mbili inatosha. Bayeri asiyejua kuandika aweke kidole, mtoto wake awe shahidi.

Nne, kama kuna ugomvi, tusikimbilie polisi, na tusing'oe milango ama manjanja ili mtu atoke. Sheria ya 2015 inataka kwanza mapatano mbele ya ofisi ya habitat, kisha ndipo tribinali. Tunaweza kuwasindikiza.

Tano, anayeachia ndugu nyumba yake kwa sababu ya safari ama usalama aache barua: wewe ni mlinzi, si mwenyewe, utapokea pesa, utatengeneza hiki, utachukua sehemu hii kwa kazi yako. Mlinzi aliyelipwa haki yake hana sababu ya kudai nyumba.

Ndugu wafadhili, msaada tunaouomba katika jambo hili si mkubwa: kabati ya chuma ya kutunza kopi, karatasi, na nauli ya wapatanishi wanaotembea kutoka avenyu hadi avenyu. Ndugu wanamemba, leteni mikataba yenu. Na kama mzee aliyeona msingi wa nyumba yako ukichimbwa angali hai, mlete naye wiki hii tuandike maneno yake, aweke saini angali na nguvu.